Kisanduku Katikati ya Hesabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni Kibondo nikiwa nimelowa mpaka soksi. Mvua ya huku kwetu haimsubiri mtu aonyeshe barua ya ajira. Mkuu wa Shule, mzee mrefu kutoka Songea, alinitazama akiwa mlangoni mwa ofisi yake, akaagiza niletewe chai ya tangawizi, kisha akanipeleka Kidato cha Tatu kabla chai haijafika. Nilikuwa nimesomea hisabati na fizikia. Njiani alinikabidhi chaki na sheria moja.

"Binti," aliniambia, "hapa kwangu mwanafunzi anafunga kisanduku kila hatua. Hesabu isiyo na visanduku ni sawa na mtu anayesema ametoka Kasulu kwa miguu, na njia nzima hakuna aliyemwona."

Kufunga kisanduku kulikuwa hivi. Mwanafunzi akimaliza hatua moja ya hesabu, hakuruhusiwa kuendelea akiwa amebeba herufi na alama zisizoeleweka. Aliigeuza hatua hiyo iwe jibu kamili, namba ambayo hata mzazi wake angeielewa, akaizungushia mistari minne, akaweka alama ya vema. Ndipo aliendelea, akianzia na ile namba iliyomo kisandukuni. Watoto wetu walizungumza Kiha nyumbani, Kiswahili walikikuta shuleni, na Kiingereza cha vitabuni kiliwajia kama mgeni wa tatu nyumba ikiwa imeshajaa. Kisanduku hakikuhitaji lugha. Mtoto aliyekosea alijua amekosea wapi, nami nilijua nianzie wapi kumsaidia. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee yule, na kila Novemba namtaja katika sala za marehemu.

Katika darasa lile alikuwamo binti kutoka Murungu aitwaye Evodia. Mama yake alikuwa mjane, akilima maharage na muhogo. Evodia alikuwa mkimya, na visanduku vyake alivichora kwa rula. Mkuu wa Shule alipenda kumtania.

"Evodia, ukiolewa utamfungia mumeo kisanduku?"

"Akiwa jibu sahihi, Mwalimu," alijibu huku akitazama daftari lake.

Darasa zima lilicheka, na Mkuu alicheka kuliko wote.

Kutoka Kibondo nilihamishiwa Kumsenga, shule ya kata ambayo ilikuwa bado inajengwa. Maabara ilikuwa kuta tu. Mkuu wa Shule wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomwomba vifaa vya somo la mawimbi, alitoka nje, akarudi na kamba ya kufungia mbuzi.

"Ulichonacho leo, Mwalimu, ndicho Mungu alichokupa leo," alisema. "Mbuzi nitamshika mwenyewe."

Nilifundishia kamba ile. Mwanafunzi mmoja alishika ncha hii, mwingine ncha ile, wakairusha kwa pamoja, mmoja akiirushia juu na mwingine chini. Mawimbi mawili yalipokutana katikati, kamba ilitulia pale kana kwamba hakuna aliyeigusa. Watoto walishangaa. Wimbi la juu na wimbi la chini yakikutana hufutana. Nilifikiri nafundisha kamba. Kumbe Mungu alikuwa ananiandaa kwa somo la mbele.

Baada ya miaka kadhaa niliitwa Kasulu, kufundisha katika chuo kimoja cha ualimu. Mkuu wa Idara ya Sayansi alikuwa Mwislamu kutoka Tanga, mpole, anayevaa kofia ya kufuma hata ndani ya maabara. Yeye ndiye aliyenifundisha fizikia ya kwanta, yaani elimu ya vitu vidogo kabisa, kama chembe za mwanga. Mimi niliiogopa. Vijarida vingi huiandika kama habari za mazingaombwe.

"Dada yangu," aliniambia, "hapa hakuna mazingaombwe. Kuna mshale, na kuna mambo mawili unayoweza kuufanyia."

Alichora mshale ubaoni. Mshale uliosimama wima aliuita sifuri, na uliolala aliuita moja. Kisha akachora mshale wa mshazari, kati ya hiyo miwili. Huo, alisema, una sehemu ya kusimama na sehemu ya kulala kwa wakati mmoja, na sehemu hizo zinaweza kuwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mshale huo ndio hali ya kitu. Jambo la kwanza unaloweza kuufanyia ni kuugeuza. Hilo huitwa tendo. Katika tendo hakuna kinachopotea. Ulichokigeuza unaweza kukigeuza tena kikarudi. Jambo la pili ni kuupima. Kupima ni kuuliza swali lenye majibu mawili tu: umesimama au umelala? Mshale wa mshazari hauwezi kukujibu "vyote viwili." Utajibu kimoja. Uwezekano wa kila jibu unaupata kwa kuchukua sehemu yake na kuizidisha kwa yenyewe. Na ukishajibu, mshale unakuwa lile jibu. Ule mshazari wa mwanzo, pamoja na alama zake, hauko tena.

Swali langu la kwanza halikuwa la fizikia. Nililelewa na masista, na baadhi ya maswali nililishwa pamoja na uji.

"Kama Mungu anaona kila kitu," nilimuuliza tukinywa chai, "mbona mishale yote haijajibu tangu zamani? Si anaitazama?"

Aliweka kikombe chini. "Kupima huku si kutazama. Ni kushika. Chombo kinakigusa kitu, na kinabaki na alama ya kilichokigusa. Mwenyezi Mungu anaujua mshale wote bila kuushika. Sisi ndio tusioweza kujua bila kushika."

Jioni ile nilisali kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa muda mrefu. Alipostaafu na kurudi Tanga aliniachia mada ile, na mimi niliifundisha mpaka mwisho wa utumishi wangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Evodia alikuwa mtu mzima, mwalimu wa hisabati na fizikia kwao Murungu. Alikuwa ameomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya fizikia akakosa, akaomba tena akakosa. Wafadhili walikuwa na ukomo wa umri, na mwaka uliofuata Evodia angekuwa ameuvuka. Safari hii aliitwa kwenye usaili, akaelezwa mapema mada atakayoulizwa: kipimo kinapowekwa katikati ya matendo mawili kinaibadilishaje hali ya kitu kihisabati. Huo ndio ulikuwa mlango wake wa mwisho, na alijua.

Jumamosi moja alishuka kwenye basi la kutoka Kibondo akaja moja kwa moja kwangu.

"Mwakeye, Mama," alinisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula baadaye. Nina hesabu imenishinda."

"Basi hesabu nayo itasubiri."

Alikula ugali wa muhogo na maharage kama mtu anayetumikia adhabu. Aliponawa mikono alisema, "Mama, nataka niwaambie wafadhili kwamba sitafika kwenye usaili."

"Kwa nini?"

"Kuna tendo moja kitabuni. Unaanza na mshale uliosimama, unalifanya, mshale unakuwa mshazari. Ukilifanya tena, mshale unarudi ulikotoka, umesimama, bila shaka yoyote. Kitabu kinasema hivyo. Mimi napata nusu kwa nusu. Nimerudia mpaka wanafunzi wananiuliza kama naumwa. Kama hili dogo limenishinda, nitasimamaje mbele ya maprofesa?"

Tulikwenda chuoni, kwenye darasa tupu, nikampa chaki. Aliandika polepole, mwandiko wake uleule wa Kidato cha Tatu. Tendo la kwanza: mshale uliosimama ukawa mshazari, sehemu ya kusimama na ya kulala zikiwa sawa. Kisha alichukua kila sehemu, akaizidisha kwa yenyewe, akapata nusu na nusu. Akachukua rula. Akachora kisanduku, akaweka vema. Kisha akaanza tendo la pili kwa zile nusu zilizomo kisandukuni, na mwisho wake ukawa nusu kwa nusu.

Nilikagua mstari kwa mstari. Hakukuwa na kosa la kujumlisha wala la kuzidisha. Nilikitazama kile kisanduku, nikamkumbuka mzee wa Songea, nikakaza midomo nisicheke, maana binti alikuwa karibu kulia.

"Hesabu yako ni sahihi," nilimwambia.

"Mama, usinifariji."

"Sikufariji. Ni jibu sahihi la swali ambalo hujaulizwa. Weka chaki chini twende sokoni."

Sokoni Kasulu kuna fundi simu aitwaye Salumu. Amezaliwa hapahapa, lakini babu yake alitoka Pwani, na Salumu haachi siku ipite bila kutukumbusha. Kwenye vioo vya simu na vikokotoo kuna karatasi nyembamba ya plastiki, ya rangi ya moshi, ambayo mafundi huibandua kioo kikishakufa. Kazi yake ni kupitisha mwanga uliokaa upande mmoja tu na kuuzuia uliokaa upande mwingine.

"Karibu, Mwalimu," Salumu alisema. "Leo umekuja kununua au kufundisha?"

"Kuomba."

"Aa, basi ni kama siku zote. Kwetu Pwani mwalimu hanyimwi."

"Kwenu Pwani ni hapo nyuma ya msikiti, Salumu."

Alicheka, akanipa vipande vitatu. Nilimwita Evodia tusimame mlangoni, penye mwanga wa nje. Niliinua karatasi ya kwanza, iliyokuwa inapitisha mwanga uliosimama. Mbele yake niliweka ya pili, iliyogeuzwa ili ipitishe mwanga uliolala. Pakawa na giza, hakuna kilichopita.

"Sawa," alisema Evodia. "Uliosimama hauna sehemu ya kulala. Jibu ni sifuri."

"Shika hii ya tatu. Ichomeke katikati, mshazari."

Aliichomeka. Mwanga ukapita. Ulikuwa hafifu, karibu robo ya ule uliovuka karatasi ya kwanza, lakini ulionekana waziwazi, na nyuma yake tulimwona mtu akipita na baiskeli yenye ndizi. Evodia aliitoa karatasi ya katikati. Giza. Akairudisha. Mwanga.

Salumu aliacha bisibisi yake akaja kuchungulia. "Ngoja kwanza. Umeongeza kizuizi, na mwanga umeongezeka?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikiongeza mlango wa pili hapa dukani, wezi watapungua au watazidi?"

"Inategemea umeuweka mshazari au vipi," alijibu Evodia bila kumtazama. Hiyo ilikuwa dalili njema. Alikuwa hajatania tangu asubuhi.

Nilimweleza taratibu. Karatasi ya katikati inauliza swali lake: uko mshazari huu, au mshazari ule? Mwanga unaojibu ndiyo unapita, na ukishapita umesahau kwamba ulikuwa wima. Sasa ni wa mshazari, na wa mshazari una sehemu ya kulala. Ndiyo maana karatasi ya mwisho inaweza kuupitisha.

Evodia alibaki ameshika kile kipande. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kisanduku changu ndiyo karatasi hii."

Aliendelea mwenyewe.

"Pale katikati hakuna aliyeniuliza uwezekano. Mimi nilizidisha sehemu kwa yenyewe ili nipate namba ya kufunga. Nilipima, Mama. Nilipima na sikujua kama napima. Na alama ya kutoa..." Alimgeukia Salumu. "Una karatasi?"

Salumu alimpa boksi la chaja. Alilifungua, akaandika ndani yake, safari hii bila kisanduku. Sehemu ya kusimama, ikipitia tendo la pili, inaleta nusu ya kusimama na nusu ya kulala. Sehemu ya kulala inaleta nusu ya kusimama, na nusu ya kulala yenye alama ya kutoa. Jumlisha. Kusimama: nusu na nusu, moja. Kulala: nusu kutoa nusu, sifuri. Mshale umerudi ulikotoka. Ni ile kamba ya Kumsenga, wimbi la juu na wimbi la chini. Lakini ukizidisha kwa yenyewe katikati ya safari, kila kitu kinakuwa cha kujumlisha, alama ya kutoa inafutika, na hakuna tena cha kufutana na kingine. Kosa la Evodia lilikuwa limemwonyesha, kwa mkono wake mwenyewe, kile alichotakiwa kukieleza.

"Boksi hilo nenda nalo," Salumu alimwambia. "Ukipata uprofesa useme lilitoka dukani kwangu."

Usaili ulifanyika kwa mtandao, katika chumba cha kompyuta cha chuo. Mkuu wa Chuo, mama wa Kichaga asiyependa mchezo, alitangaza asubuhi mbele ya wanachuo wote: "Leo nikimkuta mtu anafungua video za mpira na kutumalizia mtandao, nitamfungulia yeye jalada la nidhamu." Aliniruhusu nikae karibu na mlango, mahali ambapo kamera hainioni. Rozari yangu ilikuwa mfukoni na mkono wangu ulikuwa humo.

Evodia hakuanza na jibu la kitabu. Aliwaonyesha wanajopo hesabu yake ya kwanza, na kisanduku chake.

"Hivi ndivyo nilivyokosea," aliwaambia, "na hivi ndivyo ilivyo mtu akipima katikati."

Akaweka karatasi za Salumu mbele ya kamera. Nilisikia mmoja wao akicheka kwa kupendezwa. Kisha profesa mmoja mwenye mvi aliuliza: "Mwalimu, tuseme chombo kimepima katikati, lakini hakuna mtu aliyesoma jibu lake. Mwishoni tutapata nini?"

Evodia alikitazama tena kile kisanduku chake.

Swali lile nililijua. Ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu wanadhani jicho la mtu ndilo linalobadilisha mambo. Jibu lilikuwa ulimini kwangu. Evodia angegeuka kidogo tu angeniona, nami ningeweza kumwonyesha jibu kwa midomo, na mahali pale asingejua yeyote. Nilitazama sakafu. Niliomba, si kwamba ajibu vizuri, bali kwamba mimi nitulie. Mashine ya kupozea hewa ilikuwa inanguruma peke yake.

"Tutapata nusu kwa nusu," alisema hatimaye. "Kutokusoma jibu hakuirudishi alama ya kutoa. Chombo kimeshashika, na ndani yake kuna alama ya kilichoshikwa. Mimi nikikipa mgongo kisanduku, hakifunguki."

"Na kama alama hiyo ingeweza kufutwa yote, ndani ya chombo na kila mahali?"

Safari hii hakuchelewa. "Basi hakikuwa kipimo. Kilikuwa tendo jingine, na mshale unaweza kurudi."

Profesa aliandika kitu. Walimshukuru, skrini ikawa nyeusi.

Nilistaafu kabla jibu halijatoka. Mkuu wa Chuo alisema maneno mazuri kuliko ninayostahili, wakanipa kitenge na mbuzi, na mbuzi yule alikula shada la maua tukiwa bado kwenye hotuba. Nilirudi nyumbani kwenye migomba yangu. Katika chuo kikuu walikotoka wale maprofesa alikuwapo mwanafunzi wangu wa zamani, afisa mdogo katika ofisi inayotunza majalada ya waombaji. Evodia alijua.

"Mama, si umpigie tu achungulie?" aliniuliza kwa simu.

"Achungulie ili iweje?"

"Ili nilale."

"Sali ulale. Wamekuona, wamekusikia. Waache wamalize."

Hakukasirika, lakini aliaga upesi kuliko kawaida yake. Mimi mwenyewe nilishika simu ile mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa, nikairudisha mezani.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza alipopiga tena. Nyuma yake nilisikia kelele za watoto wa shule, na nilidhani amenipigia kwa bahati mbaya.

"Mama."

"Nakusikia."

"Nimefunga kisanduku."

Nilikaa kwenye kigoda. "Chenye vema?"

"Chenye vema, Mama."

Ninyi walimu vijana mnaokuja nyuma yetu, msitupe kisanduku. Kilitulea, na katika hesabu nyingi bado ni rafiki mwaminifu. Jueni tu kwamba zipo hesabu ambazo jibu linaulizwa mara moja, mwishoni, na anayelidai njiani analibadilisha. Katekista wetu aliposikia habari hii alitaka kuihubiri Jumapili, nikamwomba asifanye hivyo. Mshale wa ubaoni ni mshale wa ubaoni. Mtu ni mtu, na roho yake haifuati hesabu yetu. Lakini mkongwe kama mimi anaruhusiwa kujifunza adabu hata kwa mshale.

Evodia sasa yuko masomoni mbali, kwenye baridi kali kuliko ya Kasulu. Ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Najua wana mitihani, najua wanapewa alama, na majirani zangu wananiuliza anaendeleaje. Sijamuuliza hata mara moja. Namuuliza kama amekula, na amekula nini, na kisha nasubiri aseme mwenyewe anachotaka kusema.